Anthuriamu, okidi au urujuani: ua gani kwa nyumba ya Dar es Salaam?

Maua ya ndani yanayouzwa Dar es Salaam karibu yote asili yake ni nchi za joto, na mnunuzi akisikia hivyo hudhani kazi imekwisha: Dar ni joto, basi litastawi tu. Haiko hivyo. Joto la msituni, chini ya miti na ukungu, si joto la ghorofa ya tatu Sinza mwezi wa Februari, bati la jirani likirudisha jua dirishani na feni imesimama kwa sababu umeme umekatika. Ndiyo maana mtu ananunua maua mawili kitalu kimoja, siku moja, anayahudumia sawasawa, moja linachanua mpaka wageni wanaomba mche, jingine linaoza shina kabla mwezi haujaisha.

Nalinganisha hapa manne ya sebuleni, yaani anthuriamu, okidi, spathifilamu na urujuani wa Usambara, kisha matatu ya barazani. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa nyumba nyingi za hapa, anthuriamu ndiyo ya kuanza nayo. Urujuani, ingawa ni mzaliwa wa Tanzania na wenzake wametoka ng'ambo, ndio wa kuacha mpaka uwe na chumba kinachoufaa.

Kabla ya ua, dirisha na maji

Vitabu vingi vya maua vimeandikwa Ulaya, na vinasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo hesabu hiyo haitufai. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huelemea kusini, likiwa juu sana. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, nalo ndilo bora kwa maua haya. La magharibi ndilo la kuogopa, kwa sababu jua la saa tisa na saa kumi linaingia chumba kikiwa tayari kimeshika moto. Pazia jepesi jeupe linasaidia, au sogeza chungu hatua mbili ndani.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Saa sita mchana weka kiganja kati ya dirisha na mahali unapotaka kuweka ua. Kivuli chenye ukingo uliokatika vizuri kina maana jua ni kali mno kwa ua la ndani. Kivuli hafifu, lakini vidole vinaonekana, hapo ndipo penyewe. Kama hakuna kivuli kabisa, usitegemee maua. Utapata majani tu, tena marefu na malegevu.

Maji nayo. Wenye maji ya bomba ya DAWASA hawana tabu kubwa: yakae kwenye ndoo usiku mmoja, kesho yatumike. Tabu ni kwa wanaotegemea kisima, maana visima vingi vya jijini vina chumvi. Kama sabuni haitoi povu vizuri na sufuria inaachwa na utando mweupe, ua lako litaonja hiyo chumvi pia: ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, na juu ya udongo panaota ukoko mweupe. Kinga maji ya mvua wakati wa masika. Au weka ndoo chini ya bomba la kiyoyozi; yale maji yanayodondoka ni unyevu wa hewani uliogeuzwa maji na ubaridi, hayana chumvi ya kisima, na katika mji wenye unyevu kama huu hayakosekani.

Anthuriamu na okidi

Hawa wawili ndio hugombaniwa. Anthuriamu ya madukani asili yake ni misitu ya Kolombia na Ekwado. Jina lake la kitaalamu, Anthurium andraeanum, linatokana na Mfaransa Édouard André aliyeikuta Kolombia mwaka 1876. Okidi inayouzwa zaidi ni falenopsi, ile ya majani manene mapana na ua linalofanana na nondo, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Porini falenopsi haikai ardhini. Inashika gome la mti, mizizi ikiwa nje, inanyeshewa na kukauka, inanyeshewa na kukauka. Ukilishika hilo, umeelewa nusu ya utunzaji wake.

Tuanze na uzuri, maana ndicho kinachofungua pochi. Okidi inashinda, sibishani. Shina moja hubeba maua mengi kwa mpangilio, na yanadumu miezi miwili hadi mitatu bila kunyauka. Ila yakishaanguka, kinachobaki ni majani matano na subira. Ili itoe shina jipya la maua, falenopsi inataka wiki kadhaa za ubaridi: mchana usizidi sana nyuzijoto 26, na usiku ushuke kuelekea 20. Dar inapata hali hiyo Juni hadi Agosti tu, pale usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 18 au 20, tena huko ni nje. Ndani ya nyumba ya zege joto linabaki juu. Kwa hiyo mwezi wa sita isogeze kwenye dirisha linaloachwa wazi usiku, au iweke chumba chenye kiyoyozi, mbali na upepo wake. Mwenye kufanya hivyo ana nafasi nzuri ya kuona maua tena kabla ya mwaka kuisha. Asiyefanya atakaa na majani ya kijani miaka, akijiuliza kulikoni.

Anthuriamu haina masharti hayo. Kile tunachokiita ua ni jani lililogeuka rangi. Maua yenyewe ni vichengachenga vilivyopangana kwenye kile kijiti cha katikati. Kwa kuwa ni jani, linadumu wiki sita na zaidi. Zuri zaidi ni hili: kila jani jipya la kawaida hutoa ua kwenye kwapa lake. Mmea unaotoa majani vizuri unatoa maua vizuri, Januari au Julai, na joto la nyuzi 28 kwake ni la nyumbani. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipa nafasi ya kwanza.

Bei inageuza hesabu kidogo. Kwa kawaida okidi ni ghali kuliko anthuriamu, na watu wengi hawainunui kwa ajili yao bali kumpelekea mtu: mzazi aliyelazwa, dada aliyejifungua, bosi anayestaafu. Kwa zawadi, nunua okidi bila kusita. Hata isipochanua tena, imedumu mara nyingi zaidi ya shada la mawaridi ya kukatwa linalokufa ndani ya wiki. Kwa nyumba yako mwenyewe, pesa hiyo nunulia anthuriamu na chungu kizuri.

Sasa mizizi, mahali ambapo wote wawili huuawa na mapenzi. Ukinunua okidi, itoe taratibu kwenye kile chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Mara nyingi utakuta mizizi ya nje imezunguka vizuri, ila katikati pana donge la kuvumwani (vimea laini vinavyofyonza maji kama sponji) lililoshindiliwa, na wakati mwingine kikapu kidogo cha plastiki ilimooteshewa ikiwa changa. Bonyeza lile donge kwa kidole. Juu ni kavu, ndani maji yanachuruzika. Kwenye hewa ya Dar donge hilo halikauki, na shina huanza kuoza kutokea hapo. Maua yakishaisha, lichambue lote, kata mizizi iliyokuwa laini na ya kahawia kwa mkasi uliofutwa spiriti, kisha panda upya kwenye vipande vya mkaa na makumbi ya nazi yaliyokatwa ukubwa wa kidole gumba. Makumbi yaloweke na kumwaga maji mara kadhaa kwanza, kwa sababu yanabeba chumvi. Baada ya hapo mizizi yenyewe itakuwa inakuambia: ikiwa ya kijani, ina maji, ikiwa ya kijivu cha fedha, mwagilia. Mwagilia asubuhi, na maji yasituame katikati ya majani.

Anthuriamu ina mizizi minene ya namna hiyo hiyo, lakini inataka unyevu wa kudumu kuliko okidi. Udongo mweusi wa vitalu vya kando ya barabara, ule unaoganda ukikauka, unaibana. Changanya makumbi, mkaa uliopondwa, pumba za mpunga zilizoungua nusu na samadi kidogo iliyooza sawasawa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, hata kama uko hatua kumi kutoka mlangoni. Safu ya juu ikikauka kiasi cha kifundo kimoja cha kidole, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Shina likirefuka na kutoa mizizi juu ya udongo, lifunike kwa makumbi au lishushe ulipande upya. Ukiona madoa ya njano yenye katikati nyeusi yakianzia pembezoni mwa jani, hasa wakati wa masika, kata jani hilo na acha kunyunyizia majani maji; ugonjwa wa bakteria husafiri na matone.

Jambo moja linaweza kumaliza ubishi kabla haujaanza. Utomvu wa anthuriamu una vipande vidogo vya oksaleti ya kalsiamu vinavyochoma mdomo na ulimi. Mtoto anayetambaa au paka mtafunaji akilifikia jani atalia vya kutosha. Okidi ya falenopsi haina shida hiyo. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa umri huo, mimi mwenyewe ningeigeuza hukumu yangu: okidi juu ya meza, anthuriamu isubiri.

Spathifilamu, kwa ufupi

Ni ndugu wa anthuriamu, mwenye bawa jeupe, na ana utomvu uleule. Sifa yake ni kuvumilia kona yenye mwanga hafifu ambayo wenzake wangeikataa, ingawa huko atakupa maua machache. Sifa ya pili ni kwamba hasubiri ubahatishe: akiwa na kiu analala chini wote, majani na mashina, ukimpa maji baada ya saa chache amesimama. Kwa mtu anayesahau, au nyumba ambayo kazi ya kumwagilia inapokezanwa kati ya dada na watoto na kila mmoja anadhani mwenzake ameshafanya, huyu ndiye. Udhaifu wake ni maji ya chumvi na klorini. Ncha za majani hukauka upesi.

Urujuani wa Usambara

Hapa inauma kidogo. Ua hili dogo la majani yenye manyoya, linalopangwa madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni, limetoka kwetu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Siku hizi wanabotania wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji wengi wanaendelea na jina la zamani. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, Usambara, Uluguru na milima mingine ya Tao la Mashariki, na hata maeneo ya chini karibu na Tanga.

Mtu atauliza: kama linaota karibu na Tanga, Dar linashindwaje? Kwa sababu unalonunua si lile la mwambani. Ni chotara lililochaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya vyumba vya Ulaya, linalopenda nyuzijoto 18 hadi 24. Joto likizidi 27 kwa siku mfululizo, vichomozo vinadondoka kabla ya kufunguka, majani yanalegea, na ukidhani ni kiu ukaongeza maji, moyo wa mmea unaoza. Desemba hadi Machi, sebule isiyo na kiyoyozi inaliua. Hilo halirekebishiki kwa mbolea wala kwa maombi.

Nani basi alichukue? Mwenye chumba kinachopozwa saa nyingi za siku, kama ofisi ya Posta, katikati ya jiji, au chumba cha kazi cha nyumbani, penye dirisha la mashariki. Hapo litamshukuru, na kwa udogo wake linakaa hata pembeni ya kompyuta. Mwagilia kwa chini: weka chungu kwenye sahani ya maji dakika 20 au 30, kiinue, mwaga yaliyobaki. Maji ya friji yasiliguse, kwa sababu ubaridi huacha madoa meupe au kahawia kwenye majani ambayo hayafutiki. Na kulizalisha ni raha: kata jani lenye kikonyo cha sentimita mbili au tatu, lichomeke kwenye makumbi laini yenye unyevu, na baada ya wiki sita hadi nane miche inachungulia shinani.

Kwa asiye na chumba hicho, nunua kama zawadi kwa ndugu aliye Lushoto, Njombe au Arusha. Na ukipita Amani, huko Usambara, ukaliona kwenye mwamba, liache hapo. Jamaa zake kadhaa wa porini wako hatarini kutoweka.

Wenye baraza na roshani

Jua la moja kwa moja linafuta orodha yote ya juu. Kwa baraza nina matatu, na kati yake chaguo linategemea upepo.

Yasmini ndiyo ya moyo. Hakuna mtu wa pwani anayehitaji kuelezwa harufu yake jioni, wala kikuba kinavyofungwa. Inataka jua saa nne hadi sita, chungu kikubwa, maji kila siku wakati wa kaskazi, na kupunguzwa ncha kila baada ya kuchanua, kwa sababu maua hutoka kwenye vichipukizi vipya. Asiyeikata anabaki na kamba ndefu zisizo na ua. Ikae nyuma ya ukuta au kioo ikiwa unaishi Masaki, Mbezi Beach au Kigamboni ya ufukweni, kwa maana upepo wa chumvi unaunguza majani yake. Wakati wa kiangazi chungulia chini ya majani utafute utitiri na inzi weupe. Maji ya sabuni ya kipande, yakinyunyizwa jioni, yanatosha ukiwahi.

Waridi la jangwani, adeniamu, ni la Afrika Mashariki na Sahel na Uarabuni. Shina lake nene linahifadhi maji, na jua kali ndilo linalolichanulisha. Adui yake ni masika. Kuanzia Machi likae chini ya paa, kwenye mchanga wa mtoni na kokoto ndogo, vinginevyo shina linakuwa tepe na hapo hapana dawa. Utomvu wake ni sumu, hapo kale watu waliutumia kwenye mishale, kwa hiyo vaa glavu unapolikata.

Taji la miiba, la Madagaska, halina mashabiki wengi na hilo silielewi. Linachanua karibu mwaka mzima, linavumilia upepo wa bahari, kiu na mwenye nyumba aliyesafiri. Miiba yake ni mikali na utomvu mweupe unawasha ngozi na macho, kwa hiyo si la mlangoni. Kwa roshani ya ghorofa ya juu inayopigwa na kusi, sijui kingine cha kukushauri.

Sahani za chini ya vyungu zimwagwe, zote, za ndani na za nje. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji machache yaliyotulia kama hayo, na Dar ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014, kisha 2019. Weka kokoto kwenye sahani, au usiweke sahani kabisa.

Kitaluni

Usinunue lenye maua mengi kuliko yote. Chagua lenye vichomozo ambavyo havijafunguka na jani jipya linaloanza kujikunjua. Geuza jani uangalie vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye makwapa. Nusa udongo, ukinuka uvundo, mizizi imeanza kuoza. Muuzaji atakwambia, "Mama, hili halina shida, mwagilia kila siku tu." Mshukuru, kisha usifanye hivyo. Badala yake muulize limekaa hapo muda gani. Kama limeshuka jana kwenye lori kutoka nyanda za baridi, litadondosha vichomozo likifika kwako, na utadhani kosa ni lako. Lililokaa kitaluni Dar wiki kadhaa na kutoa jani hapahapa limeshazoea, hata kama ua lake ni moja. Hilo ndilo la kulipia, kisha ulipakie kwenye bajaji badala ya bodaboda, maana upepo wa barabara ya Bagamoyo unaweza kuchana majani kabla hujafika Makongo.